Mtindi na presha yangu, nilivyofanya mpaka ikashuka

Mwaka jana nilimsindikiza mama kliniki, nesi akaniambia na wewe dada kaa tukupime, mashine ikasoma 156/98, akarudia ikaja 152/96. Nina miaka 41 jamani, nilihisi miguu imeisha nguvu. Nikaanzishiwa dawa ya presha, amlodipine ya mg 5, na kuambiwa nipunguze chumvi.

Tatizo langu lilikuwa jioni. Nafunga duka saa mbili usiku, nguvu ya kupika sina, kwahiyo ilikuwa chipsi na soda kila siku. Mama ndo akaniambia mwanangu hebu rudi kwenye mtindi tuliokulea nao. Mwanzo nilikuwa nanunua wa paketi wa stroberi, nikaja kusoma nyuma ya paketi kumbe umejaa sukari, nikaacha nikaanza kutengeneza mwenyewe. Nachemsha lita moja ya maziwa, naacha yapoe mpaka nikitumbukiza kidole nahesabu kumi bila kuungua, naweka vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika sufuria naizungushia kitenge. Asubuhi umeganda, ukiinamisha sufuria unaachia pembeni na kimaji cha njano. Jioni nakula na viazi vitamu au parachichi, chumvi hakuna, soda sitamani kabisa.

Baada ya wiki sita nikasoma 134/84. Hapo nikakosea vibaya, nikasema nimepona nikaacha vidonge, wiki tatu baadae kisogo kinagonga, kupima 160/100!! Daktari hakunifokea, alinielewesha vizuri tu, kwamba bakteria wakichachusha maziwa wanavunja protini inakuwa vipande vidogovidogo, na baadhi ya hivyo vipande vinazuia kimeng'enya kinachofanya mishipa ibane, ni njia ileile ya dawa za presha za captopril na enalapril ila nguvu yake ni ndogo sana, haiwezi kushika nafasi ya dawa. Akanitajia pia Mmarekani George Mann aliyechapisha utafiti wa Wamasai wa Tanganyika mwaka 1964, watu wanakunywa maziwa balaa, mengi ya kuchachuka, na bado kolesteroli yao, yaani mafuta kwenye damu, iko chini. Lakini akasema wale walikuwa wanatembea kutwa nzima, wewe umekaa dukani, usijilinganishe.

Kiukweli naamini mtindi umenisaidia zaidi kwa kile ulichokiondoa mezani, yaani ile chumvi ya chipsi na sukari ya soda, na hicho kidogo chake chenyewe ni nyongeza. Nikaanza na kutembea, nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani.

Sasa hivi nacheza kwenye 126/80 mpaka 130/82, naandika kwenye daftari kila jumapili asubuhi kabla ya chai, na kidonge nameza kila siku. Kama una shida ya figo muulize daktari wako kwanza maana maziwa yana potasiamu na fosforasi. Mama nae kaanza wa kwake, nilimpelekea vijiko viwili vya kuanzia kwenye kikopo.