Kama wamejirudia, basi na Msondo wamejirudia

Jana nimechelewa kulala na sababu ni albamu ya The Strokes, bendi ya rock ya vijana wa New York, iliyotoka mwezi wa kumi 2003. Najua kuna mtu atasema miaka yote hiyo unayo, leo ndo ikukoseshe usingizi? Ngoja niandike kabla sijasahau maneno ya mjomba.

Tulikuwa barazani kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, baada ya isha, joto lile la Tanga ambalo unahisi upepo wote umebaki Raskazone huko baharini sisi hautufikii. Kahawa imeshanyweka, kashata zimebaki mbili. Mi nikatoa kispika changu nikawawekea The Strokes, Room on Fire, albamu yao ya pili. Tuko wanne, mi na mdogo wangu, rafiki yake mmoja anayejifunza gitaa, na mjomba ambaye ujana wake wote alikuwa kiwanda cha katani na mshahara ukitoka tu anakimbilia dansi, zile bendi za kina Msondo, Mlimani Park, Atomic na Jamhuri.

Hata nyimbo mbili hazijaisha mdogo wangu kashasema, "Kaka, hii si ile ile ya siku zile?" Rafiki yake naye, huyu mwimbaji mbona kama anaongea na simu mbovu. Nikamwambia hiyo ni makusudi, kwenye albamu ya kwanza, Is This It ya 2001, Julian Casablancas aliimba kupitia ampu (kikuza sauti) ndogo ya mazoezi ili sauti itoke na mikwaruzo, na walirekodi kwenye chumba cha chini ya ardhi, hawakutaka usafi. Akaitikia tu, hakukubali.

Lakini lile neno la mdogo wangu lilinichoma kwa sababu ni langu mwenyewe. 2004 binamu yangu alikuja kutoka Dar na CD ya hii albamu, kaninunulia, anajua ile ya kwanza nimeikariri mpaka pumzi za mwimbaji. Kakaa pembeni yangu anasubiri niseme. Nikasikiliza nyimbo tatu nikamwambia hawa wamejirudia. Basi. Hakubishana, aliitoa CD taratibu akairudisha kwenye kasha lake akaondoka nayo. Mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa anaifuta kwa shati roho inaniuma.

Na si mi peke yangu niliyesema vile, Marekani na Uingereza wasikilizaji wengi walisema hivyohivyo, miaka miwili tumesubiri halafu mnatuletea nyimbo 11 za dakika 33 zenye sura ya zile za kwanza. Wachache ndo walioing'ang'ania wakasema hii ni bora kuliko ya kwanza. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba walianza kurekodi na Nigel Godrich, yule prodyuza wa bendi ya Radiohead, haikuwaka, wakaacha ile kazi wakarudi kwa Gordon Raphael aliyewatengenezea ya kwanza. Yaani njia nyingine waliijaribu kabisa, wakarudi kwao kwa kutaka. Mtu aliyerudi nyumbani huwezi kumwita mvivu wa safari.

Sasa mjomba. Muda wote kanyamaza, macho kafumba, kidole kinagonga ukingo wa baraza. Ulipoingia Reptilia, besi na ngoma zinatangulia halafu magitaa yanafuata, akafumbua macho. "Solo nani, ridhimu nani?" Nikamwambia gitaa la solo Nick Valensi, la ridhimu Albert Hammond Jr. "Rudisha pale mwanzo." Nikarudisha. Akasema hawa wanasikilizana, mmoja anaacha nafasi mwenzie aingie, hicho kitu hakifundishwi kwa haraka. Mi nimeusikia ule wimbo labda mara mia tano na nilikuwa nafuata sauti ya mwimbaji tu!

Ukaja 12:51, akauliza jina nikamwambia ni saa, saa saba kasoro dakika tisa. Akasema kinanda chao kitamu. Nikamwambia mjomba hapo hamna kinanda, hilo ni gitaa. Hakuamini, kasogeza sikio mpaka kwenye spika, tumeurudia mara tatu.

Mdogo wangu bado na lake, "Lakini mjomba, hawajabadilika hawa." Mjomba akamgeukia, wala hakukasirika. "Wabadilike wawe nani? Msondo walikuwa NUTA wakawa JUWATA wakawa OTTU, majina yote hayo na msondo ukabaki msondo. Mlimani wakipiga mtindo wao wa Sikinde utawaambia jana mmepiga Sikinde leo tupigieni kingine? Hapa Tanga, Atomic na Jamhuri, ukiwa nje ya ukumbi hujakata tiketi unajua nani yuko ndani. Bendi ikikosa mtindo wake hiyo ni watu na vyombo tu."

Nilikaa kimya. Mi miaka yote nimepima bendi kwa kitu kipya walicholeta, kumbe kwa mjomba unasikiliza kwanza kama wamekaa ndani ya mtindo wao, halafu ndo unauliza safari hii wamesema nini humo. Na ukisikiliza hivyo hii albamu ina huzuni ambayo ile ya kwanza haina, kuna ule wa taratibu, Under Control, mjomba alisema huo unachezwa wawili wawili taa zikiwa hafifu. Mi bado nasema ya kwanza ina moto zaidi, sitaficha. Ila kujirudia, hapana, hilo neno nalitoa.

Rafiki wa mdogo wangu hakushawishika, kasema kwake zote zinafanana na sauti inamchosha. Sawa, masikio ni yake.

Mwisho mjomba akauliza hawa vijana bado wapo? Nikamwambia wapo, na albamu yao ya 2020 ilichukua tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na ni walewale watano. Hapo ndo alishangaa kuliko yote. "Watano walewale? Hapa kwetu mtu analala Msondo anaamka Sikinde!" Alicheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Spika ikaisha chaji. Nikaingia ndani, usiku uleule nikamwandikia binamu, ile CD ya 2004 bado unayo? Asubuhi hii kanijibu ipo, kasha ndo limevunjika. Nimemwambia akija Ijumaa aje nayo, mjomba ana redio yake inayosoma CD, na mi kuna neno nataka nimwambie tukiwa tunaisikiliza.