Nyuso zilizomezwa na giza Dunga: jinsi nilivyozirudisha

Kwa miezi miwili picha zangu za jioni kule Dunga, Kisumu, zilitoka vilevile: ziwa linang'aa, ngege kwenye karai anaonekana hadi magamba, lakini mama anayempara hana uso. Kivuli tu. Wenzangu wakanishauri ninunue lenzi mpya. Ushauri wa kumaliza mfuko huo!

Kosa lilikuwa kwenye upimaji wa mwanga. Kamera hudhani kila ionacho kina mwanga wa wastani, basi ikikutana na jua linalotua juu ya maji, hutia giza picha nzima. Nikajaribu upimaji wa nukta, ambapo kamera hupima mwanga wa sehemu ndogo tu, nikalenga shavu. Afadhali, ila watu hawatulii. Nukta ikiteleza ikaangukia leso nyeupe, giza linarudi. Sasa natumia upimaji wa kawaida, naongeza fidia ya mwanga hadi +1.3, yaani naiamuru kamera iangaze picha kuliko ilivyopima, na nahifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Anga huungua kidogo, yaani hupoteza rangi kwa mwanga mwingi. Na iungue.

Halafu siku hizi naomba ruhusa kwanza. Yule mama wa karai alicheka, akauliza, "Sawa, na samaki hununui?"

Nilinunua wawili.