Nilivyoituliza Kompyuta Niliyoiunda Mwenyewe Baada ya Kuongeza RAM

Kompyuta ninayoitumia niliiunda mwenyewe, na kwa muda mrefu ilitosheka na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) ya gigabaiti 16, yaani vipande viwili vya aina ya DDR4 vya gigabaiti 8 kila kimoja. Kazi ya kuhariri video ilipoanza kuilemea, nilinunua vipande vingine viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja, vyenye kasi ileile ya 3200 (mamilioni ya uhamishaji wa data kwa sekunde) kwenye lebo, nikikusudia kuvitumia vyote vinne ili nipate gigabaiti 48. Nilipoiwasha, feni zilizunguka kama kawaida, lakini skrini ilibaki nyeusi, na taa ndogo ya RAM iliyo kwenye ubao mama ikawaka bila kuzimika.

Kwanza nilisubiri. Ubao mama hulazimika kuzipima RAM mpya na kutafuta mipangilio inayozifaa kabla ya kuonyesha chochote, na wakati wa upimaji huo kompyuta huweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kwa DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, hivyo mwenye haraka huweza kuikatiza kazi iliyokuwa ikienda vizuri. Yangu haikufika popote. Nilizima pawa saplai, nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, kisha nikagusa chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Kosa lingeweza kuwa katika kipande kimojawapo, katika nafasi mojawapo ya kuchomekea, au katika mchanganyiko wenyewe, na dalili za yote matatu zinafanana. Nilikiacha kipande kimoja tu katika nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, ile ambayo bodi nyingi huiita A2 na kuipendekeza pale kipande kinapokuwa kimoja. Kompyuta iliwaka. Nilikibadilisha kwa kingine, hadi vyote vinne vikapita katika nafasi hiyohiyo. Baada ya hapo nilichukua kimoja kilichothibitika kuwa kizima nikakizungusha katika nafasi nyingine zote. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka wakarudisha dukani vipande visivyo na kasoro yoyote. Kwangu ilionyesha kwamba kila kipande kiliweza kuiwasha kompyuta na kila nafasi ilikuwa nzima, kwa hiyo uliobaki kutiliwa shaka ni mchanganyiko.

BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, ilikuwa bado imehifadhi wasifu wa XMP (mipangilio ya kasi iliyowekwa na mtengenezaji wa RAM) wa vipande vya zamani, na ikawa inajaribu kuvilazimisha vyote vinne kufuata mipangilio hiyo. Nilitoa betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama kwa dakika chache ili kumbukumbu ya mipangilio ifutike, nikairudisha, nikavichomeka vyote vinne. Vya gigabaiti 16 niliviweka katika A2 na B2, vya gigabaiti 8 katika A1 na B1, ili kila njia ya data, A na B, ibebe gigabaiti 24 na njia mbili zifanye kazi kwa usawa. Safari hii kompyuta iliwaka na kuonyesha gigabaiti 48, ila kwa kasi ya chini ya 2400.

Wapo ambao wangeishia hapo. Mimi niliwasha XMP tena, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipojitokeza. Windows ilifunguka, lakini baada ya muda ilianguka kwa skrini ya buluu, kila mara ikitaja sababu tofauti, na mafaili makubwa yaliyobanwa yakagoma kufunguka kwa madai kwamba yameharibika. Sababu zinazobadilikabadilika namna hiyo hunifanya niishuku RAM kabla ya kushuku programu yoyote. Niliweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaianzisha kompyuta kutoka humo. Kwa kasi ya 2400 haikupata kosa hata moja. Kwa 3200 mistari myekundu ilijitokeza mapema.

Maelezo yake ni haya. Kinachosimamia RAM kimo ndani ya prosesa, na vipande vinne humpa msimamizi huyo mzigo mkubwa kuliko viwili. Isitoshe, wasifu wa XMP umethibitishwa na mtengenezaji kwa seti ilivyouzwa, wala haumaanishi chochote kuhusu seti hiyo ikichanganywa na nyingine. Lebo zinaweza kusoma namba moja ilhali chipu zilizo chini yake ni tofauti na zimepangwa kwa namna tofauti.

Niliondoa vipande vipya kwa muda, nikasasisha BIOS nikitumia vile vya zamani pekee, kwani kuisasisha juu ya RAM isiyoaminika ni kuhatarisha ubao mama mzima. Kisha nikavirudisha vyote, nikaacha XMP na kuandika mipangilio kwa mkono: kasi 2933, CL (mizunguko ya kusubiri kabla ya data kutoka) 18, umeme volti 1.35 uleule uliotajwa kwenye lebo za seti zote mbili. Memtest86+ ilizunguka usiku kucha bila kosa. Anayekagua kwa CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, asishtuke kuona takriban MHz 1466, kwa kuwa DDR huhamisha data mara mbili katika kila mzunguko.

Kushuka kutoka 3200 hadi 2933 ni kupoteza takriban asilimia 8 ya kasi, na kwa mtu anayehariri video ndefu naona gigabaiti 48 zinafidia hasara hiyo bila ubishi. Kwa anayetaka kasi kamili, njia nyofu ni kuondoa vipande vya zamani na kubaki na viwili vipya kwenye 3200.

Kilichobaki kilikuwa kusafisha uharibifu, maana RAM yenye makosa huandika makosa hayo kwenye diski. Niliendesha amri ya sfc /scannow ili Windows ikague na kurekebisha mafaili yake, na video zote nilizokuwa nimezitoa katika kipindi cha hitilafu nilizifuta nikazitoa upya kutoka kwenye mafaili ya kamera, ambayo yalikuwa kwenye diski ya nje muda wote huo.