Jumamosi ya beji ya huduma ya kwanza, Lamu

Wanaotuona siku za sikukuu za taifa, wasichana wamejipanga na sare zao, hudhani Girl Guides, skauti wa kike, ni gwaride na nyimbo. Gwaride ni la nusu saa. Kazi yenyewe ni Jumamosi kama hii: wasichana 24 wa kundi la Brownie, wa miaka 7 hadi 10, na beji moja ambayo haitolewi mpaka mikono ya mtoto iijue kazi.

Saa 11 alfajiri. Baada ya sala ni mkasi na khanga kuukuu. Khanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Hukatwa mraba wa sentimita 90 kwa 90, kisha mraba huo hupasuliwa kutoka pembe hadi pembe, zikatoka bendeji mbili za pembetatu. Wasichana wakifanya wawili wawili zinahitajika 12, yaani khanga 6, sawa na doti 3. Vipande vinavyobaki havitupwi, huwa vitambaa vya kufungia vidonda vya mazoezi. Kingo zipindwe kwa sindano, la sivyo nyuzi zinafumuka na kunasa kwenye vidole vya watoto. Khanga mpya haifai: ina wanga wa kiwandani, inateleza. Iliyofuliwa mara nyingi ndiyo inayoshika.

Saa 2 asubuhi, kamba. Kila msichana apate mita 1 na nusu, jumla mita 36. Iliyoagizwa ni ya pamba, iliyoletwa ni ya nailoni, na duka halikuwa na nyingine. Nailoni laini huteleza hata fundo likiwa sahihi, na mtoto anayejifunza hawezi kujua kama amekosea yeye au imekosea kamba. Ikapatikana kamba ya katani kwa wavuvi, ikakatwa, ncha zikazungushiwa uzi ili zisifumuke. Zoezi hilo pekee lilikula saa mbili.

Asubuhi watoto wako madrasa. Adhuhuri, chakula, kufagia chumba, kutandika mikeka.

Saa 8 na nusu. Vidole vitatu juu, ahadi, makundi manne ya sita sita, kila moja na kiongozi wake. Kisha fundo bapa.

Hapa ndipo wakufunzi wengi wanapopotea. Husimama mbele ya watoto na kusema "kulia juu ya kushoto," nao wanaoutazama mkono wa mwalimu wanauona upande wa pili. Nusu wanafuata sikio, nusu wanafuata jicho. Kaa kando ya mtoto, bega kwa bega. Halafu funga utepe mwekundu kwenye ncha moja ya kamba na uache maneno ya kulia na kushoto kabisa: ncha nyekundu hupanda juu ya nyeupe, hupita chini, hutoka. Mara ya pili ni hiyo hiyo nyekundu inayopanda juu tena. Fundo likiwa sahihi, kila ncha inarudi sambamba na kamba yake na fundo linalala. Ukikosea, ncha zinachomoza kando kama msalaba, na likivutwa linateleza.

Wengi wa wasichana hawa wana baba au mjomba baharini, kwa hiyo wanaambiwa mapema: hili ni fundo la bendeji, si la kufungia mashua. Ncha moja ikivutwa kwa nguvu linageuka na kufunguka. Kwenye bendeji linapendwa kwa sababu halimchomi mgonjwa na hufunguka kwa urahisi.

Bendeji ya mkono sasa. Mgonjwa akae, ashike mkono ulioumia kwa ule mzima, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Pitisha pembetatu kati ya mkono na kifua, pembe ya katikati itokeze kwenye kiwiko. Ncha ya juu izunguke shingo kutoka bega zima, ncha ya chini ipande juu ya mkono, zikutane kwenye shimo la juu ya mtulinga, upande ulioumia. Kiwikoni kunja pembe na uifunge kwa pini ya nepi. Pini za mtandio ni marufuku, zina ncha wazi. Mtandio wenyewe uinuliwe kwanza, bendeji ipite chini yake. Ukibanwa ndani, mgonjwa hawezi kugeuza shingo.

Vidole lazima vionekane. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, bendeji imebana, fungua.

Baada ya alasiri ni mtihani, na hapo saa haiangaliwi tena. Kila jozi huchukua dakika tano, ikirudia ni kumi, na jozi ni 12. Joto limejaa chumbani, punda wanalia uchochoroni, walio kwenye foleni wanawafunga majeruhi wa kujitungia. Makosa ni yale yale: fundo kisogoni, mahali linapoukandamiza mfupa wa shingo, kiganja kilichoning'inia chini ya kiwiko, vidole vilivyozikwa ndani ya khanga. Na kosa linaloudhi kuliko yote, mtoto anayefunga vizuri lakini hakumuuliza mgonjwa anaumia wapi.

Mzazi mmoja alikuja kumchukua binti yake aliyekosea mara tatu.

"Mwalimu, mpe tu beji. Kwani si kitambaa?"

"Ni kitambaa, mamangu. Lakini akikivaa, wenzake watamwita siku mtu akianguka ngazini."

Yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, mtoto katikati akilia, jozi tatu zikisubiri. Ilibidi kumwita mtoto pembeni: "Ndoo, mwanangu," na kumwonyesha lile alilokwisha kuliweza. Fundo lake lilikuwa safi. Kilichobaki ni kiganja kupanda sentimita chache. Alipojua ni hilo tu, alinyamaza.

Jua linapotua bado kuna kamba za kufungua mafundo, moja moja, na khanga za kuloweka. Zisisuuzwe kwa maji ya kisima yenye chumvi, zinakakamaa. Katani ianikwe kivulini.

Daftarini: 19 wamepita. Watano warudi Jumanne, saa 10 alasiri, waje na mtu wa kumfunga.