Jasusi wa makaratasi ya chooni

Jana jioni nilikaa na mjomba Ras Kasone, Tanga, tunakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, nikamchomekea habari za Richard Meinertzhagen, jasusi wa Kiingereza. Mjomba anavijua vile "vita vya nyuki" tu, ambamo nyuki waliwavamia askari: Novemba 1914 Waingereza walishuka hapahapa na askari kama 8,000, wengi Wahindi, wakatimuliwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, cha watu kama 1,000. Meinertzhagen alikuwemo kwenye msafara ule, ofisa wa upelelezi. Mwaka 1915 akawa mkuu wa upelelezi wa Waingereza Afrika Mashariki, makao yake Nairobi.

Silaha yake? Makaratasi ya chooni! Anasimulia kwamba maofisa wa Kijerumani waliishiwa karatasi laini, wakawa wanajipangusia barua na amri za jeshi, na watu wake wanazizoa vyooni wanampelekea. Mjomba alicheka mpaka muhogo ukampalia.

Kicheko kilikatika nilipofika 1905. Huyuhuyu ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi wa Kenya, aliyekuja kwenye mazungumzo ya amani.

Halafu mwizi pia, jamani. Baada ya kufa kwake 1967 iligundulika aliiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho, akawabandika lebo za uongo. Shajara zake nazo zina mashaka, kwa hiyo habari ya chooni nawauzia kama nilivyoinunua.

Mjomba alijifuta vidole kwa gazeti lililofungia mihogo, akaligeuza, akalisoma kidogo, akalitia mfukoni.