Nizwa ni ya wanaoamka mapema

Sisi tulioko Oman wengi tumejazana Maskati, na Ijumaa inatukuta tumelala. Hasara tupu. Mji wa Nizwa uko mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari, lami mwanzo mwisho, na usishangae mwenye duka akikujibu kwa Kiswahili cha Unguja.

Mnada wa mbuzi ni Ijumaa asubuhi. Fika saa 12 na nusu. Saa 3 watu wameshatawanyika. Wauzaji huzungusha mbuzi kwa kamba, wanunuzi wamechuchumaa pembeni. Anayevutiwa humsimamisha mmoja, akamfunua mdomo kuangalia meno, akamkandakanda mgongo, ndipo waanze kuvutana bei. Usijisahau njiani na simu mkononi: beberu haombi radhi.

Ngome iko hatua chache. Mnara wake wa duara ni wa Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Saif ndiye ambaye majeshi yake yaliteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Usipite haraka chumba cha tende. Sakafu yake ina mifereji: tende zilirundikwa juu, uzito ukazikamua, asali ikatiririka hadi mtungini. Ikichemshwa, ilimwagiwa adui kupitia matundu yaliyo juu ya milango.

Kwenda mlima wa Jabal Akhdar, polisi wa Birkat al Mouz, kijiji cha chini ya mlima, hurudisha kila gari lisilo la forwili, hata liwe jipya. Beba leseni na mulkiya (kadi ya gari). Saiq, huko juu mlimani, iko mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo koti si anasa. Waridi huchanua mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei. Aprili ndiyo penyewe. Marashi ya waridi hayo yanayopikwa kienyeji kwenye jiko la udongo yana harufu ya moshi kidogo na rangi ya kahawia. Hayo ndiyo ya kununua, mrashi wa nyumbani, ile chupa ya kunyunyizia, utakushukuru.

Kuteremka ndiko kunakoumiza wageni. Weka gia ya 1 au ya 2, injini ilishike gari. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, zinanuka, halafu hazishiki tena, na kona bado zipo.

Mvua ikinyesha mlimani, usivuke wadi (bonde la mto mkavu) yenye maji hata kama ulipo jua linawaka. Mkondo wa magotini unatosha kusomba gari. Simama pa juu, ngoja yapungue.