Diski Moja Iliyochelewesha Klasta Nzima

Kwa muda wa miezi miwili, kila nilipouliza, niliambiwa kwamba tatizo langu, yaani kunakili faili ndogo polepole mno, ni mtandao, na kwa kuwa walioniambia hivyo walikuwa wazoefu kuliko mimi, niliwaamini. Nilikuwa ninasimamia klasta ndogo (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ya Ceph, mfumo wa kuhifadhi data katika seva nyingi, yenye seva 4 na diski 12 za kuzunguka, ambamo kila kitu kinachohifadhiwa huwekewa nakala 3 katika seva tofauti. Kunakili folda moja yenye faili ndogo 40,000 kulichukua takriban saa moja na robo, ilhali folda hiyo haikufikia hata gigabaiti moja.

Basi tukanunua kadi mpya za mtandao na swichi, tukahama kutoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi gigabiti 10. Gharama sitaitaja kwa tarakimu, ila ilikaribia bei ya seva nzima, na muda wa kunakili haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Siku hiyo ndipo nilipoketi kupiga hesabu ambayo ilipaswa kutangulia ununuzi. Faili ndogo ya kilobaiti 4 hupita katika waya wa gigabiti 1 kwa takriban mikrosekunde 33, kwa hiyo waya mpya ulikuwa umeniokolea mikrosekunde 30 hivi katika kila safari, wakati kila faili ilikuwa inanichelewesha kwa wastani wa milisekunde 115, na milisekunde moja ni mikrosekunde 1,000. Ni sawa na kumhimiza mtu aharakishe kuvuka kizingiti, ilhali ndani anakwenda kupanga foleni ya kutwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejidanganya kwa njia nyingine. Nilitumia amri ya dd kuandika faili moja kubwa, nikaona kasi inayozidi gigabaiti 1 kwa sekunde, nikawaonyesha wenzangu kwa majivuno. Kumbe nilichokuwa ninakipima ni RAM ya kompyuta yangu mwenyewe, kwa maana usipoiamuru isubiri hadi data ifike diskini, hupokea data, huishika kwa muda, kisha hutangaza kwamba kazi imekwisha. Nilipoirudia kwa fio, programu ya kupimia kasi ya diski, nikiitaka ithibitishe kila andiko kabla ya kuanza jingine, majivuno yaliisha.

Lililonifungua macho ni kuelewa kinachotokea wakati wa kuandika. Diski inayoongoza hupokea data, huzipelekea nyingine mbili, na haimjibu aliyeituma mpaka zote 3 zithibitishe kwamba zimeandika. Muda unaousubiri, basi, ni wa diski iliyo nzito kuliko zote katika utatu huo, hata kama mbili nyingine zimemaliza zamani. Diski yenye mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kukamilisha mzunguko mmoja, na kabla ya hapo kichwa chake lazima kisogee mahali panapohusika, kwa hiyo milisekunde 20 kwa faili ningezikubali bila manung'uniko. Zilizonisumbua ni zile 115. Nilipouacha wastani na kuandika muda wa kila faili peke yake, niliona makundi mawili: moja kuzunguka milisekunde 20, jingine kuzunguka 400, na katikati karibu patupu. Pakiti, yaani vipande vya data, zinazopotea njiani mtandaoni zingeweza kuleta picha kama hiyo, lakini vihesabio vya kadi zote za mtandao vilionyesha kwamba zilizopotea ni sifuri.

Hapo ndipo nilipobuni mbinu ambayo mpaka leo najivunia. Katika Ceph, mahali pa kuhifadhi hukokotolewa kutokana na jina: jina huelekeza kwenye kundi, na kundi huelekeza kwenye diski 3, bila orodha kuu ya kuulizia kila kitu kiko wapi. Maana yake ni kwamba yeyote mwenye jina anaweza kuuliza, kwa amri ya ceph osd map, diski zinazohusika. Niliandika vitu vidogo 400, nikaviita jaribio-1 hadi jaribio-400, nikapima muda wa kila kimoja, nikauliza kila kimoja kimeangukia wapi. Kisha nikachukua karatasi, nikachora safu 12, na kwa kila kilichochelewa nikapiga mstari chini ya diski zake zote 3. Vilivyochelewa vilikuwa 103. Safu nyingine zilikuwa na mistari michache iliyotawanyika, lakini safu ya diski namba 7 ilijaa mpaka ikamwagikia pembezoni: ilikuwamo katika vyote 103. Hesabu nayo ilikubali, kwani kila kitu kikichukua diski 3 kati ya 12, diski moja hugusa robo ya maandiko yote.

Nilipomsimulia mwenzangu ushindi huo, aliandika ceph osd perf, amri inayoonyesha ucheleweshaji wa kila diski, na namba 7 ikajitokeza katika sekunde moja, ucheleweshaji wake ukiwa mamia ya milisekunde kati ya wenzake wa makumi. Karatasi yangu nimeihifadhi hata hivyo. Wakati huo wote hali ya klasta ilisomeka HEALTH_OK, yaani nzima, kwa sababu kwa mpangilio wa kawaida mfumo hulalamika operesheni inapozidi sekunde 30, na diski hii ilikuwa goigoi tu.

Nilishauriwa niiondolee uongozi kwa kushusha hadi 0 mvuto wake (primary affinity), kipimo cha uwezekano wa diski kuchaguliwa kuongoza. Kusoma kuliharakika, kwa kuwa husomwa kwa diski inayoongoza, lakini kuandika hakukubadilika hata kidogo. Aliyenishauri alisahau kwamba mfuasi naye husubiriwa. Niliisoma kwa smartctl, programu inayoonyesha afya ya diski, nikakuta sekta zinazosubiri kubadilishwa zinaongezeka kila siku, nikaitoa. Fanyeni hivyo usiku, maana nakala zinapohamishwa kila mtu hucheleweshwa kwa saa kadhaa.

Folda ileile sasa ilichukua dakika 13, ambazo ni milisekunde 20 mara 40,000, wala hakuna diski ya kuzunguka ambayo ingenipunguzia sana hapo. Nilichofanya ni kuacha kupeleka faili moja baada ya nyingine: nilizigawa katika mikondo 16 inayokwenda kwa pamoja, kila faili ikaendelea kusubiri muda wake uleule au zaidi kidogo, na kazi yote ikaisha kwa dakika 2. Zile kadi za gigabiti 10 bado zipo, na kwa faili kubwa za video nakiri kwamba zinasaidia, ingawa hakuna aliyekuwa amelalamikia video.